Sekunde Arobaini na Moja

Naftali aliuzunguka ule mzinga wa kivita mara ya tatu, saa mkononi, na mara ya tatu hesabu ikakataa kubadilika. Alianza kwenye kiti cha kebini, akagusa kwa kidole mashine ya kadi ya mbele, akashuka ngazi, akapita ubavuni mwa magurudumu manne, akafika kwenye nguzo ya nyuma yenye mashine ya kadi ya pili. Sekunde arobaini. Na yeye alikuwa mzee wa miaka hamsini na miwili mwenye goti bovu, hakuwa anatembea kwa maringo.

Akakaa kwenye kreti tupu, akaifungua tena ile karatasi ya kompyuta. Mwezi mzima, kila asubuhi mafundi wengine walipouwasha mzinga, kadi mbili zilipigwa kwa kupishana sekunde nne, tano, sita. Ndivyo inavyokuwa watu wawili wakiwa kazini: mmoja kebini, mwingine nyuma, huyu anapaza sauti "tayari", yule anapiga. Lakini Ijumaa, saa tano na dakika hamsini na mbili, ilipigwa kadi ya fundi Zephania mbele, kisha zikapita sekunde arobaini na moja ndipo ikapigwa kadi ya mwenzake Lenny nyuma. Sekunde kumi baadaye mtutu ukanyanyuka, ukazunguka, ukamkuta Zephania amesimama kwenye jukwaa la mkiani. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Naftali ndiye aliyemfunika.

Leo ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Saa kumi jioni polisi wangekuja hapa kiwandani, Dubai Investments Park, kuchukua ripoti na kumchukua Lenny. Naftali alikuwa mkuu wa ulinzi na uchunguzi wa kampuni, na ripoti ilikuwa yake. Kama ingesema alichokisema Lenny mwenyewe Ijumaa ile, "ni mimi nilipiga kadi", basi kijana ni jela kwa kusababisha kifo, kisha ndege ya kurudi Bungoma na asikanyage tena nchi hii. Kila mtu alikuwa amesharidhika na hilo. Limekwisha, khalas, mzinga urudi kazini, wateja wanakuja wiki ijayo.

Naftali hakuwa ameridhika. Miaka kumi na tisa alikuwa sajini wa mizinga kule nyumbani Kenya, na kilichomkera zaidi hakikuwa hata zile sekunde. Kilikuwa nyundo. Nyundo ya shaba, ya kilo moja, iliyoanguka karibu na mkono wa marehemu. Polisi waliiandika "kifaa cha kazi" wakapita.

Kazi gani?

Huu mzinga unaitwa Hadid, na historia yake ni fupi na ya kukera. Hadid ya Kwanza ilikuwa mzinga wa kununua uliofungwa kwa bolti mgongoni mwa lori la magurudumu sita. Askari sita wanasimama nje juani, wanapakia makombora kwa mikono, wanapiga na kumwomba Mungu adui asijibu. Hadid ya Pili ikaja na magurudumu manane, kebini ya chuma nene, na mkono wa mashine wa kunyanyulia kombora. Hiyo iliuzika. Wakaitolea sura nyingine mbili: moja ya kubebea makombora tu, na moja ya kutembea kwa minyororo badala ya matairi, iliyotengenezewa nchi fulani ya baridi ambayo mwishowe haikununua. Hiyo ya minyororo bado imelala nyuma ya ghala, imefunikwa turubai, paka wanazalia humo. Kisha ikaja ya Tatu. Hii haimtaki askari nje hata kidogo. Watu watatu wanakaa kebini, mzinga unajipakia, unajilenga, unapiga na kuhama kabla dakika mbili hazijaisha. Kijitabu cha wateja kinasema inaokoa maisha ya askari. Fundi hayumo kwenye kijitabu.

Naftali akapanda jukwaa la mkiani. Safarini mtutu hulazwa kuelekea nyuma, ukashikwa na kabari ya chuma isije ikatikisika barabarani. Kwenye Hadid ya Pili kabari hiyo ina pini nene ya mkono. Unapiga kadi mbili, umeme unaingia, mzinga unatulia ukisubiri kitufe. Wewe unapanda na nyundo yako ya shaba, unaing'oa pini, unashuka, ndipo unabonyeza. Zephania alifanya hivyo miaka mitatu, na hii ya Tatu hakuwa ameiwasha hata mara moja kabla ya Ijumaa. Naftali akainama kuitazama kabari ya hii ya Tatu. Hapakuwa na pini. Palikuwa na kidude cha umeme kinachojifungua chenyewe. Na taa ya njano ya kutahadharisha ilikuwa juu ya kebini, upande wa mbele, ambako mtu wa mkiani haioni.

Kwa hiyo Zephania alipanda na nyundo kwenda kung'oa pini ambayo haipo. Fundi mzuri kuliko wote kiwandani alikufa akidhani yuko kwenye mzinga mwingine. Naftali alishuka taratibu, amekasirika, na hakujua bado amkasirikie nani.

Akaenda kwa Rafiq.

Rafiq alikuwa msimamizi wa karakana, mtu wa Mombasa, Mtaa wa Kibokoni, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alikuwa amelijua swali kabla halijaulizwa. Akatoa faili, akaonyesha karatasi ya mafunzo ya Hadid ya Tatu: tarehe kumi na moja Februari, saa moja asubuhi, mada, "Tofauti za uwashaji". Majina kumi na tano, saini kumi na tano. Ya Zephania ilikuwa ya tisa. Rafiq alieleza kwamba siku hiyo waliambiwa wazi, tena mara mbili, kwamba pini haipo na mzinga unaondoka wenyewe sekunde kumi baada ya kadi ya pili. Kila mtu alisikia.

"Kitufe cha kusubiri kiliondolewa kwa nini?" Naftali akauliza.

"Kiliondolewa na wenye digrii zao. Waliokoa sekunde tisa. Mteja anahesabu sekunde, bwana, hahesabu mafundi."

Naftali aliinua macho. Ukutani nyuma ya Rafiq palikuwa na picha ya siku hiyo hiyo, mafundi wamejipanga mbele ya ubao, tarehe imeandikwa juu kwa wino mwekundu. Kampuni hupenda picha za mafunzo, huwaonyesha wageni. Akahesabu vichwa. Akahesabu tena kwa kidole, Rafiq akimtazama.

Walikuwa kumi na wanne.

Alikwenda kwenye kabati la ofisi ya wafanyakazi, akaomba faili la likizo, akapekua. Zephania alikuwa Singida kuanzia tarehe tano hadi tarehe ishirini na tano Februari. Mkewe Rebecca alikuwa amejifungua. Fomu ya likizo ilikuwa na saini moja ya kuidhinisha, na saini hiyo ilikuwa ya Rafiq.

Alirudi nayo, akaiweka juu ya ile karatasi ya mafunzo. Rafiq alizitazama zote mbili, akavua kofia yake, akaiweka mezani.

"Sikiza, Naftali. Nilipewa orodha ya watu kumi na tano, nikaambiwa nirudishe saini kumi na tano. Yule mkubwa wa ofisi kuu hakuuliza watu. Aliuliza karatasi. Nikampa karatasi."

"Uliona saini ya mtu uliyempa likizo kwa mkono wako."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema, mafunzo yangerudiwa, siku nzima ya kazi imepotea, na mimi ndiye ningelaumiwa. Niandike ukitaka. Kila usiku naiona ile saini."

Naftali alitaka kumtukana, akashindwa, kwa sababu lile neno "nikanyamaza" lilimgusa mahali asipopapenda. Akaondoka.

Lenny alikuwa amefungiwa chumba cha mafunzo tangu Jumamosi, na mlinzi mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mkimya, na tangu Ijumaa hakuwa amekula cha maana. Naftali aliketi mbele yake bila daftari. Alimwuliza habari ya Ijumaa, na Lenny akaimba wimbo ule ule: alikuwa nyuma kwenye nguzo, akapiga kadi bila kutazama, kosa ni lake. Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kupewa adhabu aondoke.

Naftali akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza. Ilikuwa ibada ya Ijumaa ya kanisa lao la Jebel Ali, ile wanayoirusha mtandaoni ili ndugu wa nyumbani waone. Kwaya inaimba. Pembeni, shati jeupe, kichwa kimeinama juu ya kinanda, alikuwa Lenny. Saa ya ukutani kanisani ilionekana vizuri kabisa. Ilikuwa inakaribia saa sita.

Lenny alijitazama akicheza kinanda. Kisha akafunika uso.

Mengine yalitoka kidogo kidogo. Wenzao Waislamu hupewa nafasi ya kwenda sala ya Ijumaa, wao hawana saa ya kanisa, na ibada yao iko Ijumaa asubuhi. Basi wanashikiana. Huyu anaenda, mwenzake anabaki na kadi yake, anampigia ya kuingia, anampigia ya kutoka, wiki ijayo wanabadilishana. Haikuwa wizi, kazi ilifanyika yote. Aliyebaki alifanya ya wawili. Zephania alibaki na kadi mbili, na Rafiq alikuwa ametaka mzinga ujaribiwe kabla ya saa sita. Akapiga yake mbele, akazunguka, akapiga ya rafiki yake nyuma. Sekunde arobaini na moja. Hakuna aliyesimama nje kumtazama, kwa sababu wa kumtazama alikuwa kanisani.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" Naftali akamwuliza.

"Kwani si mimi, afande?"

Naftali akaiacha hiyo ipite. Akamweleza kwa upole kwamba kwa sheria si yeye. Kutoroka kazini kuna adhabu yake, kufukuzwa na kurudishwa nyumbani, lakini si jela. Kisha akatoa karatasi ya mafunzo, akaigeuza, akaweka kidole kwenye jina la tisa. Akamwambia kwamba Zephania siku hiyo alikuwa Singida, na kwamba anataka kujua ni nani aliyeandika pale.

Chumba kilikuwa na kiyoyozi kikali, lakini jasho lilimtoka Lenny kwenye paji la uso.

"Nilimtilia mimi. Alinipigia simu kutoka kwao, akasema, ndugu yangu, kukiwa na karatasi yoyote nishikie. Nikamshikia. Tulikuwa tunafanyiana hivyo siku zote."

"Na aliporudi, ulimweleza walichofundisha?"

Lenny alijibu kwa sauti ya mtoto.

"Alirudi na picha za mtoto. Tulikaa kitandani pale kambini tunakolala, Al Quoz, mpaka chakula kikapoa, anazionyesha moja moja. Nikajisemea nitamwambia kesho. Halafu nikasahau. Afande, nilisahau tu. Ni kitu cha kusema dakika moja."

Alilia. Naftali alimwacha alie, akatazama dirisha lisilokuwa na cha kutazama. Alikuwa amewahi kuzika vijana kule alikotoka, waliouawa na adui, na hakuna hata mmoja aliyemwuma hivi. Lenny alipotulia, alimweleza ukweli wote wa hali yake, hakumficha. Akiandika habari ya kadi peke yake, Lenny anarudi Bungoma, lakini Zephania anaandikwa mvunja sheria aliyejiua kwa ubishi wake, na Rebecca atabaki na hilo jina na haki zake zimefutwa. Akiandika na saini, Zephania anakuwa mtu ambaye hakuambiwa, na Lenny anakuwa aliyeghushi. Hiyo ni jela.

"Iandike," Lenny akasema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Ijumaa. Mtoto wake asije akaambiwa baba yako alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Iandike, lakini uiandike yote, afande. Nisiwe peke yangu humo."

Naftali akamwahidi kwamba ataandika yote.

Na alipokuwa anainuka, alijua kuna swali hajaliuliza. Lango la kiwanda halifunguki bila kadi. Kadi ya Lenny ilikuwa ndani, mfukoni mwa Zephania. Alitokaje? Naftali hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo. Miaka mitatu iliyopita aliwaambia walinzi wake, kwa mdomo, bila karatasi, wale wa kanisani wafungulieni tu, msiwasumbue. Alikuwa amejiona mwema sana siku ile.

Aliandika ripoti kurasa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kadi. Ya pili, ya saini. Ya tatu ilikuwa ya Rafiq aliyeona na kunyamaza, ya mkubwa aliyetaka karatasi badala ya watu, ya kitufe kilichoondolewa kwa ajili ya sekunde tisa, ya taa iliyowekwa mahali fundi haioni. Lango hakuliandika.

Madam Hala, mkuu wa sheria, alifika saa tisa kutoka ofisi kuu ya Jumeirah Lake Towers. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache, na alisoma polepole, kalamu mkononi, bila kuandika kitu. Ukurasa wa kwanza aliutikisia kichwa. Wa pili pia. Akasema kwa Kiingereza chake safi kwamba ni kazi nzuri sana, ya kusikitisha lakini nzuri. Marehemu alitumia kadi isiyo yake. Rafiki yake alighushi saini. Watu wawili walidanganya mfumo, mfumo haukuwa na kosa. Naftali alimsikiliza akiona jinsi ukweli wake mwenyewe ulivyokuwa unakunjwa vizuri na kuingizwa kwenye mkoba wa kampuni.

Kisha madam akafika kwenye ukurasa wa tatu. Huo aliusoma mara mbili, akautenga pembeni.

"Huu hauhitajiki," akasema.

"Bila huo, madam, ripoti ni ya uongo."

"Hamna uongo wowote humu. Ni fupi tu." Akavua miwani. "Nina swali dogo. Kijana alitokaje langoni bila kadi?"

Naftali alijua kwamba madam alishaulizia, pengine tangu Jumamosi, na jibu lilikuwa kwenye ule mkoba muda wote. Madam Hala hakumkejeli. Alimweleza kwa huruma kabisa kwamba polisi hawajauliza habari ya lango, na si lazima waulize. Yeye hana haja ya kumpoteza mkuu wa ulinzi mzuri, mwenye familia Kabarnet, mwenye visa inayoisha mwezi wa sita. Ukurasa wa tatu ukiondolewa, lango nalo halitajwi. Kila mtu anamsaidia mwenzake.

Ilimchoma kwamba hata huku juu, kwenye viyoyozi na kalamu za bei ghali, mchezo ni ule ule wa kadi. Mimi nikushikie, wewe unishikie. Tofauti ni kwamba wa karakana walishikiana ili mtu akasali.

Hakuna aibu kulisema: alifikiria kukubali, tena alifikiria kwa makini, akapata na sababu nzuri nne. Mwanawe wa mwisho alikuwa bado shuleni. Lenny angefungwa hata hivyo, ukurasa wa tatu uwepo usiwepo. Rafiq naye ana watoto. Na mzinga ungeuzwa tu, nani amewahi kuona mzinga ukizuiwa na karatasi?

Madam Hala alimsogezea kalamu atie saini kurasa mbili.

Naftali aliichukua kalamu. Akauvuta ule ukurasa wa tatu kutoka pembeni, akaandika chini yake kwa mkono, herufi kubwa, pole pole ili isomeke: lango lilifunguliwa kwa amri yangu ya mdomo, Ijumaa zote, miaka mitatu. Akaandika jina lake lote. Akatia saini kurasa zote tatu, akatoa kadi yake shingoni, akaiweka juu. Nakala ya kurasa zile ilikuwa tayari kwenye simu yake, na aliongeza picha ya ukurasa huo mbele ya macho ya madam.

"Umefanya kosa kubwa, Naftali," akasema Madam Hala, na hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka.

"Ndiyo, madam. Nimeliandika."

Nje jua lilikuwa bado kali. Walinzi walikuwa wamemtoa Lenny na kumweka kwenye benchi la kibanda cha lango, mfuko wake wa nguo miguuni. Gari la polisi lilikuwa limeshaingia. Maofisa wawili walikuwa ofisini wanasubiri karatasi zao. Mlinzi aliyekuwa zamu alimpigia Naftali saluti kwa mazoea, kisha akaona shingo haina kadi, mkono ukashuka katikati ya njia.

"Umeandika, afande?" Lenny akauliza.

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote. Hata lango."

Lenny alimtazama, akaitazama shingo yake, akaelewa. Hakusema pole, wala asante. Aliuvuta mfuko wake wa nguo, akasogea hadi mwisho wa benchi, akampisha akae.